Arki ya machungwa yenye dekanali: keki zangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Naoka keki na skonzi, nauza hapa Mwanjelwa, Mbeya. Chupa ya arki ya machungwa ninayotumia imeandikwa dekanali, aldehaidi ya mafuta. Mteja mmoja anayesoma kemia kaniambia aldehaidi asili yake ni pombe. Mwingine kasema mafuta hayo huenda ni ya nguruwe. Wiki ya pili sasa chupa iko juu ya kabati. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah, dada yangu.

Menya chungwa karibu na uso. Yale manyunyu yanayoruka kutoka kwenye ganda yakakuwasha jicho, dekanali imo humo. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya ganda ni limonini. Dekanali ni chembe tu, ila pua huikamata upesi. Imo hata kwenye majani ya giligilani unayokatia kachumbari. Allah amesema ametuumbia vyote vilivyomo ardhini (2:29), nami sijamsikia mwanachuoni aliyeharamisha ganda la chungwa.

Huyo wa kemia hakukosea kuhusu neno aldehaidi. Mwanakemia Mjerumani Liebig alilitunga mwaka 1835 kutokana na Kilatini, maana yake alkoholi iliyoondolewa haidrojeni. Lakini kwa wanakemia hata kolesteroli iliyo mwilini mwako ni alkoholi, na hailevyi mtu. Mtume (s.a.w.) alitutahadharisha na watu watakaokunywa ulevi wakiupa jina jingine. Basi kama jina zuri halihalalishi pombe, jina baya litaharamishaje chungwa?

Na hayo "mafuta" ni umbo lake tu: mnyororo wa kaboni 10, wa aina ileile inayounda mafuta ya kupikia. Halisemi lolote kuhusu nguruwe.

Ila usifunge mjadala hapo, maana swali lenyewe hawakukuuliza. Dekanali haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo watengenezaji huichanganya na kimiminika kingine: propilini glikoli, mafuta ya mimea, au ethanoli, yaani ile alkoholi inayolevya. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuitazama. Sisi wafuasi wa Imam Shafi tunahesabu kila kimiminika kinacholevya kuwa najisi, na joto la oveni halikisafishi hata kikipaa chote. Wapo wanachuoni wa leo wanaoruhusu ethanoli isiyotokana na ulevi ikiwa kidogo mno isiyoonekana athari yake. Siwakemei, lakini mimi sikushauri, kwa sababu arki isiyo nayo inapatikana.

Kwa hiyo ishushe hiyo chupa, usome mstari wa viambato. Ukikuta propilini glikoli au mafuta ya mimea, oka. Ukikuta ethanoli, nunua nyingine. Na keki ulizokwisha kuuza hukuwa unajua, usijitese. Hakuna wa kumrudishia pesa.

Wallahu aalam.