Kabla hujaandika utoto wako, uliza kwanza ilikuwa siku gani

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja, kazaliwa Leicester, wazee wake watu wa Unguja kama wangu, ananambia "dada nataka kuandika habari za mtaa niliokulia, nianzie wapi?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, kidole kikachoka, nikaona bora nije huku maana najua si yeye peke yake, siye sote tuliolelewa Uingereza tuna hamu hiyo hiyo, siku moja tukae tuandike tulivyokua kwenye ile baridi, Kiswahili ndani ya nyumba, Kiingereza mlangoni. Haya, nitakwambia mie nilivyoanza. Nilianza kwa kuaibika mbele za watu.

Nimezaliwa Portsmouth mwaka 1975. Kama huijui, ni mji wa manowari, kusini kabisa mwa Uingereza, na sehemu kubwa ya mji iko kisiwani, kisiwa chenyewe kinaitwa Portsea. Yaani wazee wangu walitoka kisiwani wakaenda kukaa kisiwani, jua ndo hawakulikuta. Babangu alikuwa kondakta wa basi halafu akawa dereva, mamangu alishona kiwandani.

Sasa. Miaka sita nyuma nilijiunga na kikundi cha watu wanaoandika historia ya mitaa yao, wengi wazee wa kizungu waliostaafu, mie peke yangu mwenye mtandio. Nikaandika makala yangu ya kwanza, kuhusu Mary Rose. Hii ni meli ya vita ya mfalme Henry VIII, ilizama mwaka 1545 hapo hapo mbele ya Southsea, upande wa ufukweni wa Portsmouth, ikakaa chini miaka 437 mpaka ilipotolewa tarehe 11 Oktoba 1982. Nikaandika babangu alivyonishika mkono, tumesimama ufukweni Southsea, upepo unapiga, ile kreni kubwa inayoitwa Tog Mor inaivuta meli taratibu, mara kishindo! Ile fremu ya chuma iliyoibeba meli ikachomoka upande mmoja ikadondoka kidogo, watu wote pumzi zikakatika, na baba akanibana vidole mpaka vikauma. Wallahi nilivyokuwa naiandika nililia. Nikaisoma mbele yao, nikakaa, nasubiri makofi.

Mzee mmoja akanyoosha mkono, mpole kabisa, akasema hadithi nzuri sana, ila siku ile ilikuwa Jumatatu asubuhi na skuli zilikuwa wazi. Akaongeza, na kile kishindo, bibie, kilikuwa mbali huko baharini, mtu wa ufukweni hakukisikia.

Nilikasirika nisikufiche. Nikajisemea huyu mzungu kaniona hivi nilivyo ndo maana ananikosoa, mbona wenzangu wote wanaachiwa? Nikafika nyumbani hata koti sijavua nikampigia dada yangu mkubwa anisaidie kukasirika. Dada akacheka mpaka akakohoa. "We ulikuwa skuli siku ile. Niliyekwenda na baba ni mie."

Nikakaa kitako kwenye ngazi. Maana alipolisema tu hilo likanijia la kweli, tena lilikuwepo siku zote ila nilikuwa nimelifunika. Tivi. Tivi ya skuli, kubwa, iko juu ya meza ndefu ya magurudumu, inasukumwa na walimu wawili, mapazia ya ukumbi yamefungwa ili picha ionekane, siye tumekaa chini miguu tumekunja, sakafu inanuka dawa ya kung'arishia mbao, mtoto wa mbele yangu ana plasta kwenye shingo na ile plasta ina ncha imebanduka inashika nywele. Kishindo nilikisikia kwenye tivi. Na mkono wa baba ulikuwa wa dada yangu, alikuwa akilihadithia sana hilo tulivyokuwa wadogo, nami nikaliiba bila kujua kama naiba.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, mdogo wangu wa Leicester: uliza ilikuwa siku gani. Kalenda ya mwaka wowote ipo kwenye simu yako, haichukui dakika. Kama ulikuwa na miaka saba na ilikuwa Jumatatu ya Oktoba, ulikuwa darasani labda uwe mgonjwa. Ukisema theluji ilianguka sikukuu fulani, kaangalie gazeti. Mie sasa siandiki hata mstari kabla sijauliza siku, na nakwambia ile plasta ya shingoni ndo wazee waliipenda kupita kreni yote, nilipoiandika upya waliniomba nakala, na ikachapishwa kwenye kijitabu chao, ukurasa wa kwanza kabisa. Wa kwanza. Yule mzee niliyemkasirikia ndo aliyeipendekeza.

Jambo la pili ni hili la kuuliza watu wakiwa hai, na hapa siye watoto wa wahamiaji tuna shida ambayo wazungu hawana. Wao wakitaka kumtafuta babu yao wanafungua sensa. Uingereza sensa inafungwa miaka mia ndo watu wa kawaida waruhusiwe kuisoma. Ya 1921 ilifunguliwa mwezi wa kwanza 2022, watu wakashangilia. Ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, ya 1941 haikufanywa kwa ajili ya vita. Sasa wewe piga hesabu, wazee wetu wamekuja baada ya mapinduzi ya 1964, sensa ya kwanza yenye jina la babangu ni ya 1971, itafunguliwa 2072. Nitakuwa na miaka 97, kama nipo, na miwani sijui ya namna gani. Kwa hiyo maktaba yako wewe ni mamako akiwa anakata vitunguu. Muulize hapo hapo, usimkalishe kwenye kiti na kumwekea simu mdomoni, atakwambia "hatukuwa na kitu, tulikuja tukakaa", basi imekwisha.

Mie mamangu nilimuuliza akiwa anapinda ushungi, kiwandani mlikuwa mnashona nini hasa, akanong'ona kama bado ni siri: sidiria na korseti. Miaka yote nilijua "nguo". Nikaenda maktaba kuu pale Guildhall Square, wana chumba kizima cha historia ya mji, nikakuta Portsmouth tangu karne ya 19 ilikuwa maarufu kwa korseti, na sababu yake ni jeshi la majini. Waume wako baharini miezi na miezi, mshahara unachelewa, wake zao wana njaa na sindano wanaijua, wenye viwanda wakapata mafundi wa bei rahisi. Mamangu alikaa kwenye foleni ya wanawake wale, mia na kitu miaka baadaye, mwanamke wa Unguja na ushungi wake anawashonea wazungu korseti. Nilipomwambia alisema "kumbe", akaendelea kupinda.

Sasa kuna jambo linaniudhi acha niliseme. Mzanzibari yeyote ukimwambia umekulia Portsmouth, swali la kwanza: "Ulimwona Sultani?" Maana Sultani Jamshid baada ya kupinduliwa alikwenda kukaa huko huko Southsea, akakaa zaidi ya miaka hamsini, mpaka 2020 ndo akaruhusiwa kwenda Oman, na amefariki Muscat mwisho wa 2024, Mungu amrehemu. Haya, sikumwona. Baba naye alikuwa akitajwa mbele yake ananyamaza, sijui kwa mapenzi au kwa hasira, na ule unyamavu ndo wangu, habari za Sultani ni za wenyewe. Watu kadhaa wameniambia nitie kidogo tu kwamba tulikuwa tukipishana naye barabarani, itasomwa sana. Nishaiba mkono mmoja inatosha.

Lakini usije ukadhani nakwambia utupe kila lisilo kweli. Hapana. Sikiliza hili la mwezi na nyota.

Nembo ya mji wa Portsmouth ni mwezi mwandamo na nyota, ya dhahabu kwenye rangi ya buluu. Ipo kwenye majengo ya baraza la mji, ipo kwenye jezi za timu ya mpira, Pompey wenyewe. Nikiwa na miaka mitano sita hivi niko na baba ndani ya basi lake, nimekaa kiti cha mbele, nikamwuliza mbona hapa kuna mwezi kama wa msikitini? Baba bila hata kugeuka akanambia huu mji zamani ulikuwa wa Waislamu, wamesahau tu. Amesema kavu kavu namna ile anavyosema shuka ngazi polepole. Nikaamini. Nikatembea Commercial Road kifua mbele kama vile ni yetu, wazungu wanapita nawahurumia, hawajui. Kesho yake nikamwambia mwalimu, mwalimu akacheka, darasa likacheka, nikaitwa dinlo.

Dinlo ni neno la Portsmouth, maana yake mjinga, asili yake lugha ya Waromani, wale wanaoitwa majipsi, ukienda mbali na mji watu wengi hawalijui. Na jingine ni kuskwini, kulalamika lalamika. Nyumbani kwetu yaliingia yote kwenye Kiswahili, mamangu mpaka leo anamwambia mjukuu wake "acha kuskwini, kula", mtoto kazaliwa Birmingham hajui neno limetoka wapi anadhani la Makunduchi.

Narudi. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba nembo ile inahusishwa na mfalme Richard I, aliyeupa mji hati yake mwaka 1194 baada ya kurudi vitani mashariki, na hadithi za ule mwezi umetokea wapi ziko zaidi ya moja. Waislamu hakuna. Kwa hiyo baba alinidanganya, na ningeweza kuandika ukurasa mmoja wa kumsahihisha na Richard wake. Ila niliandika lile basi la baba, na kiti, na sauti ya baba, na miezi ile michache niliyotembea ule mji kama wenyewe. Nikaweka na Richard, mistari miwili. Mzee wangu yule wa Jumatatu aliposoma alinambia ameishi pale miaka sabini na tano hajawahi kuutizama ule mwezi kwa jicho hilo. Unaona sasa? Uongo uandike, ila sema ni wa nani na ulisemwa wapi.

Mengine nitayapita haraka. Usianze na "nilizaliwa". Usiandike mji mzima, andika kona. Mie nimeandika kurasa nne juu ya lile dubwana la zege la Tricorn, maduka chini na maegesho ya gari juu, limefunguliwa 1966 na kubomolewa 2004, Prince Charles alilifananisha na mavi ya tembo, na wengine wakalipenda mpaka wakalia lilipovunjwa. Mie nilikuwa nikitizama dari tu, chokaa ilikuwa inachuruzika kwenye nyufa ikafanya vijiti vyeupe vinaning'inia kama pangoni, mamangu yuko soko la Charlotte Street hapo chini anagombana na muuza ndizi. Hizo kurasa nne zimeniletea barua nyingi kuliko zote.

Na usingoje. Jirani yetu, bibi wa kizungu, alikuwa akinihadithia usiku wa tarehe 10 Januari 1941, Wajerumani walipoupiga mji na Guildhall ikaungua ndani yote, yeye mtoto kajificha chini ya ngazi na paka. Nilimsikiliza miaka kumi huku nakula biskuti zake, hata siku moja sikumwuliza nyumba ile ilikuwa mtaa gani. Alipofariki watoto wake walikuja na gari wakatupa makaratasi yote. Nimesimama dirishani naangalia. Nyie mnaosoma hapa mna mabibi hao, mnawaona kila siku, mnapita na simu masikioni, halafu kesho mnaniandikia nianzie wapi. Anzia kwa huyo bibi! Leo, si Jumamosi.

Kijana kaniuliza pia kama ndugu watakasirika. Watakasirika. Dada yangu hakunisemesha wiki tatu kwa ile habari ya mkono wa baba, si kwa kuwa niliiba, ila kwa kuwa nilivyoiandika ilikuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Na mie nina langu ambalo sijalimaliza, mbona siku ile alimtoa skuli yeye, mie akaniacha? Baba hayupo wa kuulizwa.

Mwezi uliopita nikamwomba dada aandike ya kwake, tuziweke pamoja, yangu ya tivi na yake ya ufukweni. Kakataa, hana muda wa upuuzi. Usiku akanitumia voisi ya sekunde kumi na tisa: "Hatukuona kitu bwana. Kreni tu, ndogo hivi, mbali. Baba alininunulia chipsi, zikapoa. Akasema twende, tukapanda basi, hakutoa nauli maana kondakta ni rafiki yake."