Si kila kinachomezwa na seli huvunjwa
Umeuliza iwapo kila kinachomezwa na seli huishia kuvunjwa ndani ya laisosomu, yaani kifuko cha seli cha kumeng'enyea vitu. Hapana, na mfano bora ni ule wa kolesteroli, ambao uchunguzi wake uliwapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Chembe ya LDL, inayobeba kolesteroli katika damu, hunaswa na kipokezi, yaani protini ya kuinasa iliyo kwenye utando wa seli, kisha vyote viwili huingia hadi kwenye endosomu, kifuko kinachopokea vilivyomezwa, ambako pH hushuka hadi karibu 6 na asidi hiyo hukifanya kipokezi kiuachie mzigo wake. Hapo ndipo penye njia panda, na kwangu ndipo panapostaajabisha zaidi: kipokezi hurudishwa juu kikanase chembe nyingine, mzunguko mzima ukichukua takriban dakika 10, ilhali LDL huendelea hadi laisosomu, yenye pH ya karibu 5, ambako vimeng'enya huivunja na kolesteroli yake ikatolewa itumike kujengea tando.