Walipotuambia tunaligeuza kanisa kuwa NGO

Bwana Yesu asifiwe.

Nimepokea ujumbe wa kijana mmoja, katibu wa vijana kwenye usharika wa mjini. Kikundi chao kimeanza kutembelea wagonjwa Jumamosi jioni, na mwalimu wa kwaya amekuja juu kwa sababu waimbaji hawafiki mazoezini. Mzee mmoja wa kanisa amewaambia wachague: kumwabudu Mungu au kufanya kazi za ustawi wa jamii. Kijana anamalizia hivi: "Mama, niache kwaya?"

Nilimjibu kwa kifupi kwenye simu. Hapa nataka kujibu kwa kirefu, maana najua mko wengi mnaolipenda kanisa lenu kama yeye na mnavutwa huku na huku. Na pia, niseme ukweli, maneno karibu na hayo niliambiwa mimi mwenyewe mbele ya watu, na mpaka leo yananiuma.

Ninaimba sauti ya pili tangu sijaolewa. Usharika wetu uko Kilimanjaro, na kama ilivyo kwenye sharika nyingi za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), majina ya wagonjwa husomwa wakati wa sala ya kanisa. Mchungaji anasoma, tunaitikia, tunakaa, kwaya inaimba, sadaka inatolewa. Kulikuwa na jina la bibi mmoja wa jumuiya yetu ambalo lilisomwa mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakalikariri. Siku moja, baada ya ibada ya kwanza, nikamwambia jirani yangu, twende tukamwone. Tukapitia dukani, tukachukua sukari, mkate na sabuni ya mche.

Bibi alikuwa amepooza upande mmoja, amelazwa chumba cha nyuma, na mjukuu wake wa kike ndiye aliyekuwa akimgeuza. Tulipomaliza kusalimiana akamwambia mjukuu avute droo ya meza. Mle ndani zilikuwamo bahasha zake za ahadi, zimefungwa pamoja kwa uzi, kila moja ina namba yake na fedha yake: hii mia tano, hii mia mbili, nyingine sarafu tupu. Hakuwa na mtu wa kumpelekea kanisani. Akatukabidhi zote, kisha akauliza, "Mchungaji yupo? Sijashiriki Chakula cha Bwana tangu nilipoanguka." Sukari hakuitazama hata kidogo.

Wapendwa, sijapata mahubiri yaliyonifundisha kuliko droo ile. Sisi tulimpelekea msaada, yeye akadai ibada yake. Na kule kanisani ibada ilikuwa inamtaja kila wiki, lakini hakuna aliyetoka mlangoni kulifuata jina lake. Vitu hivi viwili vilikuwa vimeachana pale pale kwenye sala ya kanisa, na hapo ndipo vilipotakiwa kuunganishwa. Wiki ile ile mchungaji akaenda na kikombe chake kidogo, sisi waimbaji wachache tukaimba, bibi akiwa ameegemezwa kwa mito.

Ya katikati nayaruka: vikao, nani awe mwenyekiti, nani atunze daftari. Kikundi kikakua, tukawa na wazee wasiojiweza, wajane, na watoto wawili watatu waliokuwa wanakwenda shule bila sare. Tukapeleka bajeti yetu kwenye kikao cha usharika. Ilikuwa ndogo sana: nauli, sabuni, unga. Kiongozi mmoja akasimama akasema, "Hawa akina mama wanataka kuligeuza kanisa kuwa NGO." Watu wakacheka. Fungu letu likafutwa, likaongezwa kwenye ununuzi wa spika. Sina ugomvi na spika, mimi ni mtu wa kwaya na najua sauti mbovu inavyoua wimbo. Kilichonichoma ni kicheko. Wengine waliocheka, mama zao tulikuwa tumewafulia mashuka.

Nililia nyumbani, sifichi. Ila nilifungua Matendo ya Mitume sura ya 6 nikaisoma upya, na nawaomba nanyi mwisome polepole. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakusema mgao usimame ili watu waombe vizuri. Hawakusema pia maombi yapunguzwe ili mgao uende. Walichaguliwa watu saba wenye Roho na hekima, wakaombewa, wakawekewa mikono mbele ya kusanyiko. Yaani kazi ya chakula ilianzishwa kwa tendo la ibada. Na aya ya 7 inasema neno la Mungu likaenea. Stefano na Filipo, waliochaguliwa kwa ajili ya meza, hatuwakuti tena na sahani: mmoja anakufa akimshuhudia Kristo, mwingine anaihubiri Samaria.

Haikuishia kwenye Matendo. Yustino Shahidi, mwalimu wa Kikristo wa zamani, aliandika Roma, katikati ya karne ya 2, jinsi Wakristo walivyokusanyika siku ya Jumapili. Maandiko yanasomwa, kiongozi anafundisha, wote wanasimama kuomba, mkate na divai vinagawiwa, na mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Kisha wenye nacho wanatoa kwa hiari, na kiongozi anawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Yote hayo ni ibada moja. Hakuna mahali anaposema, "Ibada imekwisha, sasa tuingie kwenye huduma za jamii." Na huku kwetu mlimani, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walioanza kazi Machame mwaka 1893 walileta Injili, na shule na tiba vikafuata njia hiyo hiyo. Leo Machame kuna hospitali ya kanisa. KCMC, hospitali kubwa ya Moshi (Kilimanjaro Christian Medical Centre), ilipofunguliwa mwaka 1971 ilipewa jina la Kikristo, na halikuwa pambo. Anayedai kuwahudumia watu ni mambo ya NGO, basi aseme pia hospitali alikozaliwa mtoto wake ni ya nani.

Baada ya kikao kile hatukugombana. Tuliacha kuomba fungu pembeni, tukaomba nafasi ndani ya ibada yenyewe. Huu ndio ushauri wangu mkubwa, na nitaurudia mpaka mchoke: huduma ianzie madhabahuni. Jina likisomwa kwenye sala ya kanisa, kiongozi wa jumuiya ya mgonjwa aondoke na lile jina. Watu wawili wamwone kabla ya Jumapili nyingine. Kwenye matangazo isemwe kwamba ameonwa, basi, bila kutangaza shida zake. Haichukui hata dakika tatu.

Jambo la pili lilitokea lenyewe, na hili najivunia. Mnajua mnada wetu baada ya ibada, pale nje, watu wamesimama na nguo zao nzuri wanagombania mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai. Baba mmoja alinunua mkungu kwa bei nzuri, akalipa, kisha akasema kwa sauti, "Huu uende kwa yule bibi." Jumapili iliyofuata mama mwingine akafanya hivyo kwa mayai. Ikawa desturi. Fedha inaingia kwa mhazini kama sadaka kamili, haipungui hata shilingi, na mkungu unafika jikoni kwa mtu. Mhazini ambaye zamani alitukwepa, sasa ndiye anayetukumbusha! Sharika nyingine wameshakuja kuuliza tunafanyaje, na yule kiongozi aliyetuita NGO amewahi kununua kuku akamtuma kwetu. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Sasa niwaseme na wa upande wangu, maana wapo. Kuna vikundi vya huduma ambavyo Jumapili huwaoni kanisani. Wanasema wao ibada yao ni matendo. Isaya 58, ile ya kuwagawia wenye njaa chakula, wameishika kichwani, lakini kushiriki Chakula cha Bwana na wenzao hawana nafasi. Nimeona kikundi cha namna hiyo kikiwaka mwanzoni kisha kikaanza kupiga picha. Mgonjwa kitandani, shuka limeteleza, wageni wamezunguka na mfuko wa unga, picha inarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Mfadhili alipoondoka, kikundi kikafa. Ndugu zangu, usipolishwa Neno utawahudumia watu ukidai shukrani zao, na watu wagonjwa mara nyingi hawana nguvu ya kushukuru. Martha hakukosolewa kwa sababu alipika. Alisumbuka kwa mengi, akaanza kumshitaki dada yake mbele ya Bwana. Tukifika mahali pa kuwashitaki waimbaji kwamba wanaimba tu, tumeshapotea.

Na waimbaji nao wasikilize. Nabii Amosi, sura ya 5, anasema Mungu amechoka na kelele za nyimbo na vinanda. Aliwaambia watu waliomwonea maskini langoni kisha wakaja kuimba. Hakuchukia wimbo. Kwa hiyo ukiwa na sauti nzuri, imba, tena imba kwa mazoezi, usimletee Mungu wimbo ulioujaribu mara moja kwenye gari. Lakini jirani yako akilala njaa na wewe unajua, hiyo sauti ina maswali ya kujibu.

Kijana wangu, usiache kwaya. Hamisheni kutembelea wagonjwa kutoka Jumamosi, iacheni siku ya mazoezi kama ilivyo. Nendeni Jumapili mkitoka ibada ya kwanza, wawili wawili, mkiwa bado mmevaa sare. Kama ni hospitalini, ulizeni saa za kuona wagonjwa na mzifuate, muimbe wimbo mmoja wa taratibu, maana wodini kuna wenye maumivu. Simu zibaki mfukoni. Mwalimu wa kwaya mpelekeeni mpango huo ninyi wenyewe, mkiwa mmewahi mazoezini siku hiyo, atawasikiliza.

Na yule mzee msimjibu kwa hasira, ingawa najua inavyouma. Mwombeni Jumapili moja afuatane nanyi, msimwambie mnakwenda kumwonyesha kitu. Mwambieni mnahitaji mzee wa kanisa wa kuongoza maombi kule nyumbani kwa mgonjwa, kwa sababu kweli mnamhitaji.