Niliambiwa seven nikaenda saa saba: Kizungu cha ukubwani na kutafuta kazi majuu

Tangu nitue Kisumu hii Desemba, kwa mama hapa Nyalenda kumekuwa kama ofisi ya chifu. Watu wanaingia mmoja mmoja, wanakalishwa, wanapewa chai, alafu chai ikifika nusu swali linatoka: sasa wewe ulienda aje kuishi kwa wazungu na sisi tunakujua? Wananijua kweli. Mimi ni nyar Nyakach, shule niliachia darasa la saba, nikauza mitumba Kibuye miaka tisa, Kizungu changu kilikuwa cha kumwambia mteja "last price" na "sister come and see", basi. Sasa wananisikia nikigombeza watoto kwa Kizungu wanadhani kuna dawa nilimeza.

Hakuna dawa. Kuna mambo nilifanya vibaya mpaka nikachoka kuyafanya vibaya, na hayo ndio nataka kuandika hapa mara moja, juu nikirudia kwa kila mgeni majani ya mama yataisha.

Wacha niondoe kwanza hii ya mtihani maana ndio inaulizwa sana. Mzee wangu alitangulia Edmonton, huko Alberta, akaniitisha kama mke, na mke anayeitishwa na bwanake Kanada haulizwi mtihani wa Kizungu. Kwa hivyo mimi IELTS sikufanya. Lakini wewe unayetaka kuingia kwa pointi zako mwenyewe, zile unahesabiwa za umri, masomo na kazi, hiyo huiruki. Iko na sehemu nne, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama zinaenda hadi 9, na matokeo yanakaa miaka 2 tu yanaisha, so usikimbilie kuufanya kabla makaratasi mengine hayajakaribia kuwa tayari. Na uangalie vizuri unalipia gani. Kuna Academic na kuna General Training, na kuingia Kanada kwa pointi ni ile ya General. Mtoto wa dadangu alilipia Academic kwa sababu jina lilisikika kama la watu wamesoma, pesa ikaenda, akalipia tena.

Mimi nilifika Januari 2017. Baridi sitaielezea, mtu akiwa Kondele na jua hili hawezi elewa.

Serikali yao iko na masomo ya Kizungu ya watu wazima, yanaitwa LINC, bure kabisa, na mahali kwingine hadi wanakuangalilia mtoto ukiwa class. Wanachukua wale wako na makaratasi ya kukaa kabisa, ama mkimbizi ambaye ameshakubaliwa, sio mtu wa visa ya kutembea. Kwanza unapimwa, alafu unaambiwa uko wapi kwa kipimo chao cha CLB, kinaanza 1 kinapanda hadi 12. Mimi kusoma nilipata 4, kusikiliza 2. Yawa, nilishtuka, kwani mimi ni kiziwi? Baadaye nikaona wako sawa. Sisi tumefundishwa Kizungu cha ubao. Unaweza soma tangazo lote la kazi ukaelewa, alafu mtu akupigie simu kuhusu hiyo hiyo kazi usiokote neno hata moja, juu wao hawatamki maneno, wanayameza. "What are you going to do" inatoka kwa mdomo ikiwa neno moja, wachagonado. Nilikaa karibu mwezi nikidhani wachagonado ni jina la mtu.

Class ilikuwa imejaa Wasyria, wale walipokelewa zaidi ya 25,000 kwa miezi michache tu kati ya mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016, na Waeritrea, na wamama watatu wa Kongo. Kusikia Kiswahili mbali vile, hata kama ni kile chao cha Bukavu, nilihamia hiyo meza siku hiyo hiyo. Miezi miwili tukapiga story tukacheka, Kizungu kikabaki pale pale. Kuna watu watakwambia ukitaka lugha kimbia watu wa kwenu. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu kazi yangu ya kwanza nililetewa na mmoja wa hao wamama, alikuwa anatandika vitanda hoteli fulani akasikia wanatafuta mtu. Kaa na hao jioni. Class kaa na Msyria, hamna lugha ingine ya kuelewana, lazima Kizungu kitoke hata kama ni kwa mikono.

Sasa hiyo kazi ya hoteli. Supavaiza alinipigia simu akaongea haraka haraka, mimi nikashika maneno mawili, Monday na seven, kila kitu kingine nikajibu yes, yes, yes thank you. Nikakata simu nikiwa na furaha. Na hapo kichwani, bila hata kufikiria, seven ikageuka saba, na saba kwetu ni ya mchana si ndio? Jumatatu nikafika saa saba ya mchana kamili, nimevaa vizuri, niko hata na dakika kumi za ziada. Shifti ilikuwa imeanza saa moja asubuhi. Yule mama supavaiza aliniangalia kama mtu ameona maajabu. Nikajaribu kumweleza mwenzake kilichotendeka, nikawa naita huyo mama "he", he told me, he said seven, na amesimama tu hapo na lipstick yake. Kiswahili kina "a" moja ya mwanaume na mwanamke, Dholuo nayo vile vile, so hii ya he na she itakusumbua hata miaka mitano, usijilaumu, lakini jua tu kwamba wao wanaisikia.

Alinipatia nafasi ingine. Na akanifundisha kitu kimoja ambacho kimenisaidia kuliko vitabu vyote: nikiambiwa jambo nilirudie. "Seven in the morning?" "Room 214, yes?" Nilidhani kurudia ni kuonekana mjinga. Kumbe kwao mtu anayerudia ndio anaaminiwa, yule wa yes yes ndio wanamwogopa.

Na wana sababu. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, sitasema wa nchi gani, alionyeshwa dawa za kusafisha choo, hii usichanganye na hii, akasema yes. Akachanganya jik na ile dawa ya asidi ya kung'arisha choo. Hizo mbili zikikutana zinatoa hewa ya klorini, inakata pumzi, na bafu za hoteli hazina dirisha. Alitolewa nje akikohoa hadi machozi. Baada ya hiyo tukafanyishwa wote yale mafunzo ya WHMIS, ya zile alama za hatari kwa chupa, na nikuambie ukweli, haya maneno ya chupa ndio Kizungu cha kwanza niliwahi kujua vizuri kabisa, kuliko hata cha salamu. Kwa hivyo mtu akiniuliza aanze wapi, mimi humwambia anza na maneno ya kazi unaenda kuomba. Kama ni usafi, jua dawa, shuka, mito, ndoo, mopu na namna ya kusema kimeharibika. Kama ni jikoni, jua visu, moto na vyakula ambavyo watu vinawadhuru. Maneno mia mbili ya kazi moja yatakulisha kabla ya elfu mbili za kila mahali.

Hii yes yes yetu nadhani ilianzia shule. Wale wa umri wangu mnakumbuka diski, kile kibao ulikuwa unavalishwa shingoni ukiongea Dholuo, jioni mwenye nacho anachapwa. So ulikuwa unajua Kizungu ni kitu cha kukuletea kiboko, afadhali unyamaze. Alafu ukikua ukishrub kidogo, ukisema "fis" badala ya fish, kijiji chote kinacheka hadi mazishi ijayo. Mimi miaka arobaini nilikuwa nimebeba hicho kibao. Edmonton kila mtu anashrub, Mfilipino anashrub yake, Msyria yake, hata mzungu wa Newfoundland, mkoa mwingine wa huko huko Kanada, hawamuelewi, na hakuna mwenye ako na wakati wa kukucheka.

Kuna vitu vidogo ambavyo si makosa ya Kizungu ni tabia yetu tu tunaitafsiri. Sisi tunasema nipe maji na hakuna mtu amekosewa heshima, heshima iko kwa sauti. Ukisema "give me water" huko umekuwa mkorofi, sema "can I have" na please iko nyuma. Mtu akijikwaa sisi tunasema pole, mimi nikawa nasema sorry, sorry, mzungu ananiuliza mbona unaomba msamaha na hujanisukuma. Na ile ya "I'm coming" ukiwa unaenda zako, acha kabisa. Nilimwambia mgeni wa hoteli I'm coming nikafunga mlango nikaondoka, akabaki amesimama akingoja.

Tukuje kwa kutafuta kazi. CV yangu ilichapwa cyber hapa town kabla nisafiri, ilikuwa na picha, nambari ya kitambulisho, dini, idadi ya watoto na hobi za kuimba kwaya. Yote toa. Huko mwajiri hafai hata kukuuliza dini ama watoto. Kuna maofisi ya kusaidia wageni, bure pia, dada mmoja huko alinikalisha akaniuliza nilikuwa nafanya nini Kenya. Nikamwambia nothing, I was just selling clothes. Akaniuliza nani alikuwa ananunua mzigo, nani anahesabu pesa, nani anaongea na wateja. Mimi. Miaka mingapi? Tisa. Akaandika hayo yote kwa CV na nikaisoma nikidhani ni ya mtu mwingine. Wewe uliyeuza samaki Jubilee ama nyanya Nakuru kwa Wakulima usiende kusema hukuwa na kazi.

Mdhamini, yule wa kuandikwa referee kwa CV, ndio shida. Wanataka mtu wanaweza pigia simu, na rafiki yangu wa Kibuye hawezi pigiwa na mtu wa Edmonton, wakati wa baridi tunapishana masaa 10, atapigwa simu usiku na ashindwe ni nani. Niliambiwa nijitolee. Nikapanga mikebe kwa ghala ya chakula cha msaada Jumamosi miezi mitatu bila senti, mzee akilalamika mafuta ya gari, lakini msimamizi wa hapo ndio alinishikia mkono nikapata kazi ya jikoni kwa nyumba ya wazee, na ndio niko hadi leo. Intavyuu waliniuliza "tell me about yourself". Ya kwanza kabisa kuulizwa hivyo, huko nyuma, nilianzia Nyakach, nikataja mama, baba, na vile niliokoka. Hii ya pili nilisema dakika moja tu, kazi nilizofanya, nasafisha aje, nafika mapema. Kufika mapema nilisema kwa roho safi.

Pesa, kwa wale mnaniuliza kwa macho: kima cha chini Alberta ni dola 15 kwa saa tangu Oktoba 2018, na kodi ya nyumba haijakaa kukungoja tangu hiyo 2018. Na tafadhali, agenti anayetaka laki na kitu ndio akupatie kazi ya kuchuma matufaa, Alberta sheria imekataza kabisa anayetafuta kazi kulipishwa ili apewe kazi. Barua ya kijana wa binamu yangu ilitoka kwa gmail. Kampuni ya mashamba, gmail. Kabla utoe shilingi uliza kwanza National Employment Authority kama huyo agenti ako na leseni.

Ingine ambayo hakuna mtu aliniambia: ukishakuwa raia, LINC huruhusiwi tena. Uraia unaomba ukishakaa siku 1,095 ndani ya miaka 5, na kama uko kati ya miaka 18 na 54 lazima uonyeshe kuongea na kusikiliza kwa CLB 4. Mimi nilikimbilia cheti cha uraia nikiwa CLB 5, nikafurahi, alafu mlango wa class ukafungwa nikiwa bado siwezi kuandika barua ya kazi. Sasa nalipa.

Shemeji yangu anasafiri Machi kufuata bwanake. Kila jioni mimi nakaa jikoni yeye anasimama nje karibu na tangi, nampigia simu naongea kama yule supavaiza, haraka, nikimeza maneno, Thursday, quarter to six, side door, bring black shoes, na hakati simu mpaka arudie yote. Jana alinirudishia quarter past. Viatu alishika.