Maswali ya Wasomaji: Wadudu Wakimaliza Magugu, Watakula Nini?

Swali: Wataalamu, wadudu wanaoletwa kula mimea vamizi wakishaimaliza, hawatageukia mazao?

Jibu: Una haki ya kuogopa, maana mdudu akishaachiwa harudishwi. Kwa hiyo kazi kubwa ya usalama hufanyika kabla, ndani ya karantini. Viwavi wachanga huwekwa juu ya mmea mmoja unaojaribiwa, bila chakula kingine: wale au wafe njaa. Huanza na ndugu wa karibu wa gugu, kisha wa mbali, kisha mazao. Jaribio hili ni kali mno, kwani mdudu aliyefungiwa hutafuna hata asichokigusa porini. Mmea ulioonjwa huingia jaribio la pili ukiwa pamoja na gugu lenyewe. Hapo huhesabiwa mayai, viwavi waliokomaa, na kama watoto wao nao wametaga. Kuonja si hoja kubwa. Hoja ni kama uzao unaendelea.

Miaka ya 1960 kule Uganda, kunguni wa lantana (kichaka vamizi), *Teleonemia scrupulosa*, walipokausha vichaka walihamia kwenye ufuta wakafyonza majani. Hawakudumu huko, lakini mkulima wa ufuta alistahili kuambiwa mapema.

Sisi tunaona kosa zito zaidi ni kupima mazao na kusahau mimea ya asili. Fukusi *Rhinocyllus conicus* aliachiwa Kanada mwaka 1968 na Marekani mwaka 1969 dhidi ya mibaruti ya kigeni. Leo anakula mbegu za mibaruti ya asili ya huko pia. Tena, usalama ni wa mahali, si wa mdudu peke yake: nondo *Cactoblastis cactorum* aliyefyeka dungusi kakati Australia kuanzia 1926 hakukuta kakati wa asili huko. Aliyefika Florida, Marekani, mwaka 1989 aliwakuta, na anawala. Kwa hiyo anayekuletea mdudu muulize orodha ya mimea iliyojaribiwa, na utafute humo mimea ya asili ya mahali pako.

Swali: Malisho yetu yamevamiwa na dungusi kakati. Kwa jirani kuna wadudu weupe kama pamba wanaoikausha. Naweza kubeba vipande vyenye wadudu nikaviweka kwetu?

Jibu: Usibebe bado. Kwanza mponde mmoja kwa kijiti: akitoa maji mekundu kama damu, ni kidungata wa kundi la *Dactylopius*. Tatizo ni kwamba spishi moja, *Dactylopius opuntiae*, ina koo zinazofanana kabisa kwa macho lakini zinatofautiana kwa chakula. Afrika Kusini iliwahi kutumia ukoo wa dungusi wa matunda dhidi ya *Opuntia stricta*, aina nyingine ya dungusi, ukafanya kazi hafifu, mpaka ukoo unaofaa ulipoletwa mwaka 1997. Mbaya zaidi, koo hizo zikikutana huzaliana, na watoto wao wanaweza kushambulia aina zote mbili. Kama karibu nawe kuna anayelima dungusi kwa matunda au lishe ya mifugo, kipande kimoja ulichobeba kinaweza kumwangusha. Peleka sampuli ya wadudu na ya mmea kwa mamlaka ya afya ya mimea, usubiri kibali.

Ukiruhusiwa, funga vipande vyenye wadudu kwenye mimea mizima wakati wa kiangazi. Mvua kubwa huwasomba wadudu hawa, na wengi hudhani mdudu ameshindwa kumbe amesombwa tu.

Swali: Tumeweka fukusi kwenye gugumaji. Tukipulizia dawa pia, si litaisha upesi?

Jibu: Mkipulizia kote, mtaua gugu pamoja na kitalu cha fukusi. Mabuu wa fukusi hao, *Neochetina*, hutoboa mashina ya majani, kisha hujiundia vifuko kwenye mizizi chini ya maji. Mmea ukizama ghafla, wanazama nao. Mkeka mkubwa ukifa kwa mara moja pia huoza na kumaliza oksijeni, samaki wakafa. Kama ni lazima kupulizia, acheni sehemu kubwa bila dawa, na piteni kidogo kidogo.

Kuanzia yai hadi fukusi mzima huchukua takriban miezi mitatu, kwa hiyo msikate tamaa mapema. Fukusi hujificha mchana: fungua jani changa lililojikunja katikati ya mmea, uwahesabu humo.