Maswali Yenu: Kunguru wa Bububu na Panya wa Kwenye Gunia

SWALI: Assalaam aleikum dada. Mimi nakaa Bububu, nafuga kuku wa kienyeji kidogo tu. Mwezi uliopita nilikuwa na vifaranga kumi na moja, leo wamebaki watatu, wote kachukua kunguru na mimi naona. Nimekaa barazani nachagua mchele, anakuja mmoja ananizuga huku, nikiinuka kumfukuza mwenzake kule keshanyakua. Jirani ananishauri nitie sumu ya panya kwenye matumbo ya samaki niwamwagie. Halafu bibi yangu anasema zamani kunguru alikuwa na kifua cheupe na hakuwa na vituko hivi, ni kweli au ndo yale ya wazee kila cha zamani kizuri? — Mama Vifaranga, Bububu

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole sana. Kwanza hiyo sumu usiiguse. Utaua paka wa jirani, utaua hao kuku wako watatu waliobaki, na kunguru akishaona mwenzake kaanguka pale pale kwenye chakula basi hapo umemaliza, hagusi tena.

Bibi yako yuko sahihi kabisa. Yule mwenye kifua na shingo nyeupe ndo kunguru wetu wa asili. Huyu anayekunyanyasa, mwembamba, shingo ya rangi ya majivu, ni mgeni kutoka Bara Hindi, na hakuja mwenyewe, aliletwa. Miaka ya 1890, Unguja ikiwa chini ya Waingereza, mji ulikuwa umejaa takataka, wakubwa wakaona dawa ni kuagiza kunguru waje kufagia. Wahenga walishasema kunguru hafugiki ila hao wakubwa sijui kama waliuliza mtu. Ndege wakala takataka kweli, wakamaliza wakahamia kwenye mayai na makinda ya ndege wengine, mnana, chozi, mpaka huyo kunguru wetu mwenye kizibao cheupe akasukumwa nje ya mji. Na kufika 1917 serikali ile ile ikawa inatoa pesa kwa anayewaua! Haikusaidia. Wakavuka bahari, 1947 wakaonekana Mombasa, na Dar nadhani huhitaji kuambiwa.

Kinachofanya kazi ni vitu viwili. Kuna sumu maalumu ya ndege, ile wanatumia wataalamu tu kwa kibali. Wanaanza kuwalisha nyama safi siku kadhaa, kunguru wakazoea wakajiona wamefika, ndo siku moja nyama inatiwa dawa. Inakwenda kwenye figo taratibu, ndege anakuja kufa baadaye huko anakolala, wenzake hawaunganishi kabisa kifo na ile nyama. Hapo ndo wanapigwa bao. Cha pili ni mtego, na huu hata shehia yenu mnaweza kuutengeneza mkishaongea na wahusika: banda la wavu wa kuku, juu mnaacha uwazi kama ngazi iliyolazwa. Kunguru anakunja mbawa anajidondosha ndani, akitaka kutoka lazima afungue mbawa na vile vijiti vinamzuia. Mnamwacha mmoja hai humo ndani na maji na chakula na kivuli, kelele zake zinawaita wengine. Kila siku lazima mtu apite kuangalia, maana akiingia kunguru wetu yule mweupe anatakiwa atolewe salama.

Miaka ya 1990 Unguja walipunguzwa sana, watu wakapumua, kampeni ikasimama, na wao wakarudi. Mi naona kosa letu lilikuwa hapo, na kwenye majaa. Huyu ndege haishi porini, anaishi kwa binadamu, kila anapopatikana duniani yuko na watu. Matumbo ya samaki yanayomwagwa pale sokoni ndo mshahara wake, unaua mia unalisha mia mbili. Kwa sasa wewe weka vifaranga kwenye tenga au banda la wavu mpaka waote manyoya sawasawa, mchana usiwaachie.

SWALI: Mambo vipi. Huku Mombasa tunawaita kurabu. Kuna mmoja hapo kwa mwembe wa ofisini ananipiga kichwa kila asubuhi, mimi tu! Serikali si ilisema itawaua? — Kipara, Nyali

JIBU: Poa sana. Ana kiota hapo juu bro, vaa kofia wiki chache zitapita. Serikali ndiyo, 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza linataka kuua milioni moja ifikapo mwisho wa mwaka ule. Kwa hesabu za namna hiyo utajua tulichelewa. Sokotra kule Yemen waliwawahi wakiwa bado wachache, watoto walikuwa wanalipwa wakileta makinda kutoka kwenye viota, na 2009 wakamaliza kabisa kisiwa kizima.

SWALI: Tunakwenda kupiga kambi kisiwani na vijana wa mtaani, nahodha katulazimisha tukung'ute kila gunia ufukweni eti panya. Si anatuonea? — Vijana wa Mtoni

JIBU: Hawaonei hata kidogo, mpeni na chai. Ndege wa baharini wengi wanataga chini, kwenye mawe na mchanga, na hawajui kumkimbia panya. Panya jike mmoja mwenye mimba akishuka na gunia la mchele imetosha. Pale kisiwani Chumbe ilibidi 1997 wafanye kazi ya kuwamaliza panya ndo msitu na ndege wapumue. Na Ushelisheli, kisiwa cha Frégate, kulikuwa na aina moja ya ndege, mweusi mwenye bato jeupe begani, miaka ya 1960 dunia nzima alibaki kisiwani hapo tu na hawakufika ishirini. Wamemlea miaka, anaanza kuongezeka, 1995 panya huyo kaingia! Mpaka 2000 ndo wakafanikiwa kumtoa. Miaka mitano ya kazi.

Kung'uteni magunia, mahema pia, na mkirudi taka zenu zote mrudi nazo.