Siku Chungu Changu Kilipoitwa Kari: Ninavyosaga Viungo vya Chili

Tangu niweke picha ya ule utepe wa bluu wa ushindi niliopata kwenye mashindano ya chili kazini kwetu, nimepokea jumbe nyingi za hongera, na nawashukuru wote. Lakini kuna mmoja ndio umenikalisha kitako niandike. Umetoka kwa dada mmoja anayeishi Columbus, Ohio: "Dada, hongera sana. Kazini kwetu pia kuna mashindano ya chili na mwaka huu nimejiandikisha. Naomba kipimo cha viungo vyako. Nataka hawa watu wajue kwamba viungo ni vya kwetu."

Kipimo nitakupa, mdogo wangu, tena chote bila kuficha hata chembe. Ila hiyo sentensi yako ya mwisho imenishika moyo, kwa sababu na mimi niliingia nayo mashindanoni mwaka 2017, na iliniliza.

Kwa ambao hamjaila: chili ni mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe uliopikwa na pilipili kavu hadi ukawa mwekundu wa kuiva, karibu na rangi ya matofali. Kwao ni Texas. Mwaka 1977 jimbo hili liliitangaza rasmi kuwa chakula chake, na wenyewe wanaichukulia kwa uzito kama watu wa Pwani wanavyouchukulia pilau. Hawaweki maharage. Kwenye mashindano yao makubwa maharage yamekatazwa kwa sheria kabisa.

Mimi haya yote sikuyajua wala sikuuliza. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimelelewa Ngamiani na bibi yangu mzaa mama, mwanamke ambaye shughuli haikufanyika mtaani bila yeye kuitwa kutia mkono kwenye pilau. Nikajiambia, mimi nifundishwe viungo na Wamarekani? Hawa wanaokula kuku wa chumvi na pilipili manga? Nikachukua bizari nyembamba, giligilani, mdalasini, iliki, karafuu, manjano, tangawizi mbichi. Nikatia maharage mekundu. Mwishoni nikamalizia na tui zito la nazi. Nyumba nzima ilinukia kama Idi.

Nilikuwa na miezi minne tu pale kazini, kituo cha kutunza wazee hapa Fort Worth, Texas. Nilivaa dera langu jipya. Nikapanga chungu changu mezani pamoja na vingine, kila kimoja na namba yake, wakaanza kupita kuonja. Akaja mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku. Akaonja kijiko kimoja, akanyamaza kidogo, halafu akasema kwa sauti ya ukumbi mzima kusikia: "Ni kitamu, lakini hii si chili. Hii ni kari." Akakitia kikombe kwenye pipa la taka mbele yangu, nyama bado imejaa. Waliokuwa nyuma yake kwenye mstari wakaruka namba yangu.

Nilirudi nyumbani na chungu kimejaa. Ilinichukua siku nne kukimaliza peke yangu, na kila nikikipasha moto nilikuwa nasikia ile sauti. Mpaka leo nikikutana naye kwenye korido namsalimia vizuri, lakini sijasahau, na sitadanganya hapa kwamba nimesahau.

Mwaka uliofuata nilinunua vipakti vya dukani, nikafuata maelezo ya nyuma ya pakiti. Ilikuwa chumvi tupu na vumbi jekundu. Hakuna aliyenicheka, na hakuna aliyerudi kuongeza.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mzee niliyekuwa namhudumia, mzaliwa wa San Antonio, asili yake Mexico. Ilikuwa asubuhi, namchana nywele, akanishika kiganja akakinusa. Jana yake nilikuwa nimepika. Akaniuliza, "Mija, umepika nini?" Mija kwa Kihispania chao ni kama kusema mwanangu. Nikamwambia chili, nikamsimulia na ile habari ya kari. Hakucheka. Akaniuliza pilipili nimezinunua nzima au zimesagwa. Nikasema zimesagwa. Akatikisa kichwa, akaanza kunisimulia akina mama waliokuwa wakiuza chili usiku kwenye viwanja vya San Antonio, na majiko yao ya kuni na taa zao, tangu karne ya 19 mpaka serikali ya mji ilipowaondoa kwa sheria za afya. Watu wakawaita malkia wa chili. Bibi yake aliwahi kula kwao. Akaniambia chili ni pilipili kwanza, nyama pili, na hivyo vingine vyote ni wageni.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Viungo vyangu havikuwa vibaya. Nilikuwa nimepikia watu chakula cha kwetu nikakiita kwa jina la chakula chao. Na hizi pilipili tunazojivunia, asili yake ni bara hili la Amerika. Kwetu zilifika baada ya Wareno kuvuka bahari. Bizari nyembamba ndiyo iliyosafiri njia ya pili, ikatoka ulimwengu wetu ikaja kukaa kwenye chungu cha hawa. Sasa mimi nimsimange nani?

Basi mama yule akanituma duka la Wamexico nikanunue pilipili nzima kavu, nne aina. Ancho ni pana, nyeusi-nyekundu, imekunjamana, laini ukiibonyeza, na haiwashi sana. Hiyo ndiyo mwili wa chili. Guajillo ni ndefu, ngozi yake inang'aa, nayo inaleta rangi. Chile de árbol ni nyembamba na kali, ya kuwasha ulimi. Chipotle ni pilipili ya jalapeño iliyoiva ikakaushwa kwa moshi. Ukiinusa unakumbuka samaki wa kubanika.

Mara ya kwanza niliziunguza. Niliacha kikaango kwenye moto mkali nikajibu simu. Moshi ukajaa, kengele ya moto ikalia, mimi na jirani yangu wa ukutani tukakohoa mpaka machozi. Nikasema si neno, nikazisaga hivyohivyo. Chungu chote kikawa kichungu, kilo moja na nusu ya nyama ikaenda bure. Pilipili iliyoungua haiokoleki kwa sukari wala kwa ndimu. Itupe, anza upya.

Sasa sikiliza ninavyofanya, mdogo wangu. Pilipili ancho 4 kubwa, guajillo 3, árbol 2, chipotle 1. Zipanguse kwa kitambaa kibichi, usizioshe. Kata vikonyo, pasua, kung'uta mbegu. Kikaango kikavu, moto wa wastani. Bonyeza kila pilipili kwa mwiko, hesabu mpaka kumi, geuza, hesabu tena kumi, toa. Ancho ikiwa tayari inanukia zabibu kavu. Nasema zabibu kavu kwelikweli, si mfano. Ukianza kupaliwa, umeshachelewa.

Ziache zipoe zikauke. Zikibaki kama ngozi, ziweke kwenye oveni ya moto mdogo kabisa kama dakika kumi, mpaka ukikunja inavunjika kwa sauti. Kisha kwenye kikaango hichohicho kaanga bizari nyembamba vijiko viwili vya chakula, ile wengine mnaiita uzile, na mbegu za giligilani kijiko kimoja cha chai. Dakika moja, moja na nusu, huku unatikisa. Rangi ikianza tu kubadilika, mimina kwenye sahani, maana kikaango chenyewe kitaendelea kuziunguza.

Na hapa, jamani, nilisimama jikoni nikalia. Bibi yangu alikuwa akikaanga kila kiungo peke yake, na mimi mtoto namuuliza kwa nini usitie vyote mara moja tukamaliza? Ananiambia, "Kila kimoja kina saa yake." Miaka yote ile mkono wa bibi nilikuwa nao mwilini, na pale mashindanoni nilipeleka iliki yake tu nikauacha mkono nyumbani.

Saga vyote kwenye mashine ndogo ya kahawa, kidogokidogo. Ukimaliza usifungue kifuniko. Subiri dakika mbili vumbi litulie. Chekecha, yatakayobaki rudisha kwenye mashine. Ndipo uchanganye na oregano ya Mexico, majani makavu ya kiungo, kijiko kimoja cha chakula umeifikicha kwa viganja, unga wa kitunguu saumu kijiko kimoja cha chakula, na pilipili manga kijiko cha chai. Chumvi usitie. Chumvi itie chunguni, kwa ulimi wako, siyo kwenye kopo. Vaa glavu, na usijiguse jicho. Ukiwashwa mikono, paka mafuta ya kupikia kwanza halafu sabuni, kwa sababu ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, maji peke yake hayautoi.

Kwa sababu hiyohiyo unga huu unapenda mafuta. Nyama ya bega kilo moja na nusu, ikate vipande vidogo vya ukubwa wa kete, kaanga mpaka iwe kahawia, itoe. Kaanga kitunguu, kisha mimina vijiko vinne vya chakula vya unga wako kwenye mafuta, koroga nusu dakika, mafuta yageuke mekundu. Rudisha nyama, tia supu ya kuifunika, acha ichemke polepole saa mbili na nusu au zaidi. Vijiko vingine viwili tia nusu saa kabla ya kuepua. Wapishi wengi wa mashindano hapa wanatia kwa awamu: ya kwanza inaingia kwenye nyama, ya mwisho ndiyo pua ya mwonjaji inakutana nayo. Ukitaka uzito, koroga vijiko viwili vya unga wa masa, ule wa mahindi wanaopikia tortilla, chapati zao za Mexico.

Watu wananiambia, si ununue tu ya kopo? Ya kopo ina historia yake na ninaiheshimu. Miaka ya 1890 Mjerumani mmoja mhamiaji, William Gebhardt, pale New Braunfels, alianza kusaga pilipili kwa mashine ya kusagia nyama ili apate kupika chili mwaka mzima, na biashara ikakua. Mgeni kama mimi na wewe! Lakini yeye alikaa akajifunza chungu cha wenyeji kwanza. Kopo lililokaa rafu mwaka mzima halina harufu tena, lina rangi tu. Saga mwenyewe. Narudia: saga mwenyewe, na saga kidogo, cha kutumia miezi miwili mitatu. Weka kwenye chupa ya kufunga kabisa, kabatini, mbali na jiko. Wanaopanga viungo juu ya jiko ili jiko lipendeze wanaua viungo vyao kila siku kwa mvuke.

Na acheni ile tabia yetu ya kusema watu fulani hawajui kula. Tunaisema kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye magrupu. Mtu anayesema hivyo hajakaa jikoni kwa mtu akauliza. Wewe wa Columbus, kabla hujanunua chochote, uliza kwenu wanapika chili ipi. Hapo jirani Cincinnati wanatia mdalasini na kuimwaga juu ya tambi. Pengine ile sufuria yangu ya 2017 huko ingeniletea utepe.

Mwaka huu vyungu vilikuwa kumi na kimoja, changu namba 7. Majaji hawajui cha nani. Walipotaja namba 7 sikuinuka, mwenzangu ndiye aliyenisukuma. Yule bwana wa zamu ya usiku alipiga makofi. Alikuja akaongeza mara mbili, nimemwona kwa macho yangu. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu. Mama wa San Antonio alishafariki, Mungu ampumzishe. Ule utepe nimeufunga kwenye shingo ya chupa ya viungo, pale kabatini.

Mnaoniuliza kutoka Dar: ancho na guajillo ni shida kupata, najua. Maduka ya viungo ya Kihindi, Kisutu huko, yana pilipili za Kashmiri, nyekundu sana na si kali. Chukua hizo badala ya zote mbili, changanya na paprika ya moshi kidogo ukiipata, na pilipili kichaa kavu mojamoja kwa ukali. Haitakuwa ileile, ila itakuwa na harufu yake ya kweli, kwa sababu umeikaanga leo.

Ukibakiwa na unga, paka ndimu kwenye muhindi wa kuchoma ungali wa moto, chovya kwenye unga na chumvi, ule umesimama hapohapo jikoni.